Dagaa Juu ya Chanja, Mvuvi Mchangani

Saa nne asubuhi, kisiwani Kome, Ziwa Victoria. Dagaa wa usiku wameshaanikwa. Wako juu ya chanja, karibu mita moja kutoka ardhini, upepo unawapita chini na juu, na mama mmoja anawageuza kwa kiganja bila haraka. Hatua ishirini kutoka hapo kuna turubai la bluu lililofungwa kwenye fito nne. Chini yake wamelala vijana wanne waliowavua dagaa hao. Wamelala mchangani, juu ya kipande cha wavu mkuukuu. Mmoja amejifunika kofia usoni kukwepa mwanga. Turubai limechemka kiasi kwamba ukilisogezea mkono unasikia joto kabla hujaligusa.

Picha hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Kila mtu mwaloni, pale mitumbwi inapopakua samaki, anajua kwa nini dagaa walipandishwa kwenye chanja. Wa mchangani hushika mchanga, huchelewa kukauka upande wa chini, mvua ikinyesha huloa zaidi, na mnunuzi wa soko la Kirumba, Mwanza, akitafuna mmoja tu na kusikia kokoto kwenye meno, bei imeshuka. Somo hilo tumelielewa vizuri kuhusu samaki.

Kuhusu mtu bado. Ndiyo maana nimefikiria kibanda cha kuhama kwa ajili ya mvuvi wa dagaa, kuanzia paa hadi kitanda.

## Anayelala mchana

Karibu ushauri wote unaotolewa kuhusu mahema unamfikiria mtu anayelala usiku. Unazungumzia baridi, umande, mlango wa kufunga. Mvuvi wa dagaa anarudi alfajiri, anapakua, anakula, na usingizi wake unaanza jua likiwa tayari limepanda. Kwake adui wa kwanza ni joto, wa pili mwanga, wa tatu inzi. Mvua inakuja ya nne, maana mvua kubwa nyingi za ziwani hupiga usiku na alfajiri, na saa hizo yeye yuko kwenye maji.

Kwa hiyo turubai moja, hata liwe jipya na zito namna gani, halitoshi. Jua linalipasha moto, nalo linamrushia aliye chini yake joto lilelile, kama bati lisilo na dari. Dawa ni paa mbili. La juu lipokee jua, la chini likae kivulini, na katikati yake pabaki nafasi ya sentimita 20 wazi pande zote ili hewa iliyopata moto itoke. Nafasi ikiwa ya vidole viwili tu, hewa haitembei, na turubai mbili zinakuwa sawa na moja nene. Hapo ndipo wengi wanaojaribu hukata tamaa wakidhani wazo lenyewe ni bovu.

La juu si lazima liwe zima. Turubai lililozeeka, lenye matundu mawili matatu yaliyozibwa, linafaa kabisa. Jipya liwe chini.

## Wenzetu wa kwenye barafu

Kuna watu wengine duniani wanaovua huku wakihama na paa lao. Katika nchi ambazo maziwa huganda, kama Kanada, Ufini na jimbo la Minnesota kule Marekani, watu hutoboa barafu, huweka kihema juu ya tundu na kuvua wakiwa wameketi ndani. Shida yao ni baridi, na kwa sehemu kubwa hatufanani. Lakini jambo moja lao limenisaidia kufikiri: vihema vyao vingi vimejengwa juu ya sleji, ile kama beseni refu inayokokotwa juu ya barafu. Sleji hiyohiyo ndiyo inayobeba mizigo njiani, ndiyo sakafu, na kiti kimefungwa juu yake. Hakuna kinachobebwa kwa ajili ya kazi moja tu.

Na vitu vyao vidogo havikai chini. Vinaning'inia kwenye fremu, kila kimoja na mfuko wake, kwa sababu chini ni barafu na maji. Kwetu chini ni mchanga na maji. Hapo tunafanana kabisa.

## Mahali kwanza

Kabla ya kushusha chochote, chimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, kisha subiri kama dakika kumi. Kitako cha shimo kikianza kung'aa maji, panda juu zaidi. Mchanga unaoonekana mkavu kabisa unaweza kuwa na maji sentimita 40 chini, na usiku wa mvua maji hayo hupanda.

Ziwa lenyewe halitulii mahali pamoja. Mei 2020 lilipanda likapita kiwango cha 1964, ambacho kwa zaidi ya nusu karne ndicho kilichokuwa kipimo cha wazee, na mialo mingi ililiwa na maji. Tena sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kibanda cha kuhama kina sababu yake hapo. Lakini hata cha kuhama kisiwekwe pale wimbi la jana lilipoacha mstari wa magugu, wala kwenye njia ya kiboko. Njia hiyo utaijua: majani yamelazwa upana wa mkokoteni, na katikati kuna mitaro miwili ya nyayo.

Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Kwa hiyo mgongo wa paa uende sambamba na ufukwe, ili ubavu mrefu uelekee ziwani. Asubuhi ubavu huo unakunjwa juu na upepo unapita chini ya vitanda. Juni hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki unapokaza, kamba za upande huo ziongezwe ziwe mara mbili.

## Mifupa

Fito za kukata palepale kisiwani zilikuwa jibu zamani. Sasa visiwa vingi miti imepungua, na mti wa kipenyo cha mkono wa mtu ni bora ubaki umesimama. Mabomba ya plastiki ni mepesi na yanavutia, lakini jua huyafanya makavu, nayo huvunjika kwenye maungio, tena usiku wa upepo. Bomba la chuma la inchi moja ndilo ninalolitetea, pamoja na uzito wake.

Yanatosha manne ya mita 6. La kwanza likatwe mita 3 na mita 3: hizo ni boriti mbili za pembeni. La pili, mita 3 ya boriti ya juu na mita 2.6 ya nguzo ya kati. La tatu, mita 2.6 ya nguzo ya kati nyingine, na mbili za mita 1.6. La nne, mbili za mita 1.6, na mita 2.8 zinabaki kwa kutundikia chandarua. Nguzo zote zinazama sentimita 40 ardhini, kila moja juu ya jiwe bapa, la sivyo mchanga unazimeza kidogokidogo na paa linalegea bila kuonekana sababu.

Maungio yasiwe ya nati. Mchanga unaingia kwenye hesi, kutu inafuata, na baada ya kuhama mara mbili tatu unalazimika kukata. Fundi wa kuchomelea aweke kipande cha bomba la inchi moja na robo, urefu sentimita 10, kikiwa kimelala kwenye ncha ya kila nguzo ya pembeni, ili boriti ipenye ndani yake. Kwenye nguzo za kati kipande hicho kiwe sentimita 20 chini ya ncha. Tobolea tundu moja, pitisha msumari wa inchi nne usio na kutu. Basi. Unachomoa kwa vidole.

Zile sentimita 20 zinazochomoza juu ya boriti ndizo zinazobeba kamba ya paa la pili. Hivyo nafasi ya hewa inajipima yenyewe kila unapojenga.

Turubai la mita 4 kwa 6 linaenea kamili: mita 6 zinapita juu ya mgongo na kufika chini pande zote mbili, kwa kibanda chenye upana wa mita 3.2, kimo cha mita 2 katikati na mita 1.2 pembeni. Ncha za nguzo za kati zinalitoboa mahali pawili. Kila tundu lishonewe kiraka cha tyubu ya gari kabla ya safari. Anayesema atashona akifika, hashoni.

## Mchanga haushiki kigingi

Kigingi kwenye udongo wa Usukuma kinashika kwa miezi. Kwenye mchanga wa ufukweni kinatoka kama kisu kwenye uji, kwa sababu mchanga mkavu hauna kinachoukamata kigingi. Nanga ya kibanda ni kiroba. Chukua kiroba cha kilo 25, kijaze mchanga nusu, funga kamba katikati ya tumbo lake, kizike sentimita 60, na kamba itoke kwa mlalo kuelekea kibandani. Ili kiroba king'oke, inabidi kiinue mchanga wote ulioko juu yake. Sita vinatosha, vinane kwa miezi ya kusini-mashariki.

Sehemu nyingine inayofeli ni tundu la turubai, lile lenye pete ya bati. Upepo hauichani pete, unachana plastiki inayoizunguka. Usifunge kamba hapo. Okota jiwe laini la ukubwa wa limau, liweke upande wa ndani wa turubai, kiganja kimoja kutoka ukingoni, lifunike kwa turubai lenyewe kama unavyofunga pesa kwenye pindo la kanga, kisha kaza kamba shingoni mwake. Mvutano wote unagawanyika kuzunguka jiwe. Turubai litachanika mahali pengine kabla ya hapo.

Kati ya jiwe na kiroba weka kipande cha mpira wa tyubu, upana vidole viwili, urefu shubiri mbili, kama wanaofungia mizigo kwenye pikipiki. Upepo ukija kwa vishindo, mpira unanyumbuka badala ya turubai kupigwa. Pia utalala vizuri zaidi, maana kelele ya turubai linalopigapiga ndiyo inayomwamsha mtu saa sita mchana.

## Kitanda

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na bado naona ndipo penye thamani kuliko paa.

Nilidhani jibu ni paleti, zile fremu za mbao za kuwekea mizigo. Zipo mjini na zinainua mtu kutoka mchangani. Lakini paleti ni nzito, misumari yake hutoka, chini yake huwa nyumba ya panya, na huwezi kuiweka kwenye mtumbwi bila kuacha kitu kingine. Kisha nikafikiria godoro la sponji. Sponji likiloa mara moja kisiwani halikauki tena hadi mwisho wa giza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, na kuanzia siku ya tatu linanuka.

Jibu lilikuwa hatua ishirini pembeni, chini ya dagaa. Chanja ni kitanda. Watu wa pwani walikijua tangu zamani wakakiita teremka tukaze, kitanda cha kamba ambacho kikilegea unashuka, mnakikaza, unapanda tena.

Kimoja cha watu wawili kinahitaji mbao mbili za mbili kwa nne zenye urefu wa mita 2, mbili za mita 1.2, na miguu minne ya sentimita 45. Miguu ichomekwe kwenye matundu ya pembeni na kukazwa kwa kabari. Chini ya kila mguu pigilia kibao cha sentimita 15 kwa 15, la sivyo mtu akigeuka usiku kitanda kinazama upande mmoja. Suka kamba kwa nafasi ya sentimita 8, za urefu kwanza, kisha za upana zikipita juu na chini kama mkeka. Zitakwenda mita 70 hivi.

Kamba gani? Nailoni mpya inashawishi kwa uimara wake, lakini ikiloa inanyumbuka, na kitanda kinakuwa bembea. Kamba kuukuu za kichwa cha wavu, zile za ukingo wa juu, ni bora zaidi. Zimeshavutwa na maji kwa miaka, haziongezeki tena urefu.

Sasa kosa ambalo halionekani hadi usiku wa kwanza wa mapumziko: kitanda cha kamba kiko wazi chini. Mbu anapita katikati ya kamba na kuuma kupitia mkeka, na chandarua kilichoning'inizwa kikaachwa kuning'inia pembeni hakimzuii. Shona viroba viwili vilivyofunguliwa viwe shuka moja ngumu, itandike juu ya kamba, mkeka juu yake, na chandarua kichomekwe chini ya mkeka pande zote nne. Viroba hivyo pia vinakata ubaridi wa alfajiri unaopanda kutoka chini kwa mpishi na mlinzi waliobaki. Na chandarua kitundikwe mchana pia. Wale wadudu wanaopaa kutoka ziwani kama moshi hawaumi, lakini wakiingia puani na masikioni hakuna usingizi.

Mkiwa wanne, vitanda viwili vinaacha njia ya sentimita 80 katikati, na mita moja upande wa kichwani.

## Vitu na mahali pake

Chini ya kila kitanda kuna sentimita 35 hivi zilizo kavu. Hizo ni za ndoo za lita 10 zenye mfuniko, kila mtu na yake: nguo, simu, hela, dawa. Sanduku la mbao linaloa, begi linaingia panya. Ndoo inafungika, ikipinduka na mtumbwi inaelea, na ikipumzika ni kiti.

Unga na mchele vikae kwenye ndoo za lita 20 katika ile mita ya kichwani, juu ya mawe matatu. Kisu, kurunzi na kibiriti vikae kwenye mifuko iliyoshonwa kwenye kipande cha wavu, kikining'inia kwenye boriti ya juu, kimo cha kifua. Asiyeona gizani anapapasa mahali palepale kila siku.

Maboya ya kujiokolea yananing'inia mlangoni. Naomba hili lisipuuzwe. Yakiwekwa chini yanageuka mito ya kulalia, sponji ndani yake inagandamizika na uwezo wa kuelea unapungua, na siku ya dhoruba yanakuwa chini ya mzigo. Yakiwa mlangoni, mtu hawezi kutoka bila kuyagusa kwa bega.

Nyavu mbichi zisiingie ndani hata siku moja. Harufu inavumilika, lakini unyevu wake unaishia kwenye shuka.

## Moto na betri

Usiku wa mvua ya baridi kuna anayevuta jiko la mkaa ndani na kushusha turubai. Mkaa uliokolea hautoi moshi, ndiyo maana unaaminika, na ndiyo maana unaua. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, na mtu anaweza kupitiwa na usingizi mzito bila kujua. Hata makaa yaliyofifia, yanayoonekana kama majivu, bado yanaitoa. Wale wa kwenye barafu, pamoja na baridi yao yote, huacha matundu ya hewa wazi wanapowasha hita, kwa sababu hiyohiyo. Jiko likae nje.

Taa za betri zimepunguza karabai na mafuta ya taa, lakini zimeleta jambo jipya. Betri ya maji inapochajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Ichajiwe nje, kivulini, mbali na jiko. Petroli ya injini iwe hatua kumi na tano kutoka kibandani, upande ambao upepo hautaleta mvuke wake kwa aliyelala.

## Kitanda cha nani

Shaka yangu kubwa haikuwa ya mabomba wala kamba. Ni hii: nani atanunua?

Kijana wa kuvua leo yuko na tajiri huyu mwenye mtumbwi, giza lijalo yuko na mwingine, kisiwa kingine. Hawezi kubeba vitanda. Tajiri naye ananunua injini, nyavu, taa, na mwisho turubai moja, kwa sababu turubai liko kwenye hesabu ya mtumbwi tangu enzi na kitanda hakimo. Gharama hutolewa kabla ya mgao wa mapato, na kila kinachoongezwa kinamgusa kila mtu. Naelewa ugumu huo.

Lakini mbona chanja imo kwenye hesabu? Ilipoanza nayo ilionekana gharama tu. Iliingia kwa sababu bei ya dagaa safi ilionekana siku ileile sokoni. Usingizi wa mtu hauonekani sokoni. Unaonekana saa nane usiku, mtu anapovuta wavu huku macho yanafumba, katikati ya ziwa, wimbi limeanza kusimama. Ninaamini kitanda ni kifaa cha mtumbwi kama kasia, na kinapaswa kuandikwa hapohapo, jina la mtumbwi likichongwa kwenye ubao wake ili kisipotee mwaloni.

## Mbalamwezi

Mwezi ukijaa, kambi inavunjwa. Turubai likunjwe kavu. Likikunjwa bichi, baada ya wiki moja limeota ukungu na tabaka zake zinaanza kubanduka. Kama mvua imenyesha asubuhi ya kuondoka, litandazwe juu ya mizigo mtumbwini badala ya kukunjwa, likauke njiani.

Vitanda havifumuliwi. Toa kabari, chomoa miguu. Laza kitanda kimoja kichalichali, weka juu yake mikeka, vyandarua na turubai la chini, kisha funika kwa kitanda cha pili na funga mahali panne. Unapata mzigo mmoja wa mita 2 kwa 1.2, unene wa sentimita 20 na kidogo, unaobebwa na watu wawili na kukaa juu ya viti vya mtumbwi bila kugusa maji ya chini. Mabomba yapite ubavuni, misumari yake ikiwa kwenye chupa yenye mfuniko, imefungwa kwenye bomba lenyewe. Viroba vya nanga vimwagwe mchanga vije vitupu.

Mzigo huo wa vitanda upakiwe mwisho, juu ya nyavu, ili mkifika kisiwa kingine alfajiri ndio uguswe kwanza. Watu wawili wanaweza kuwa wamesimamisha kila kitu ndani ya saa moja na nusu, wakati wengine bado wanapakua.